Great American Beer Festival

Great American Beer Festival, kwa kifupi GABF, ni tamasha na mashindano ya bia yanayofanyika mjini Denver, jimbo la Colorado, nchini Marekani. Lilianzishwa mwaka 1982 na Charlie Papazian, na huandaliwa na Brewers Association, chama kinachounganisha viwanda vidogo vya bia vya nchi hiyo. Kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi.

Chini ya jina hilo kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni tamasha lenyewe: ukumbi mkubwa ambamo maelfu ya wageni wenye tiketi huonja bia kidogo kidogo. La pili ni mashindano, ambayo hufanyika faraghani kabla ya tamasha, mbele ya majaji wasiojua bia iliyo mbele yao imetoka wapi. Bia inayopendwa ukumbini si lazima ipate medali, na kiwanda kilichopata medali huenda hata hakina meza ukumbini. Namna mambo hayo mawili yalivyotenganishwa ni sehemu muhimu ya historia ya tamasha.

Hali ya bia Marekani kabla ya tamasha

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Marekani ilikuwa na zaidi ya viwanda 4,000 vya bia, vingi vikiwa mali ya wahamiaji kutoka Ujerumani. Idadi hiyo ilikuwa imeshapungua sana wakati vileo vilipopigwa marufuku nchini kote kuanzia 1920 hadi 1933. Viwanda vilivyofufuka baada ya marufuku viliendelea kumezwa na kampuni kubwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa na viwanda chini ya 100. Karibu vyote vilitengeneza bia ya namna moja: laga nyepesi, ya manjano iliyopauka, inayonywewa ikiwa baridi sana. Mnywaji aliyetaka kitu kingine alinunua bia iliyoagizwa kutoka Ulaya, au alijipikia nyumbani kwa siri.

Kwa siri, kwa sababu kupika bia nyumbani kulikuwa kosa. Marufuku ilipoondolewa, sheria iliruhusu watu kutengeneza mvinyo majumbani kwa matumizi yao, lakini haikuitaja bia. Kasoro hiyo ilidumu hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyoruhusu mtu mzima kupika hadi galoni 100, yaani takriban lita 380, kwa mwaka bila kulipa kodi, mradi asiuze. Ilianza kutumika Februari 1979. Majimbo yalibaki na mamlaka ya kuamua mambo yao, na mawili ya mwisho kukubali, Alabama na Mississippi, yalifanya hivyo mwaka 2013.

Wengi wa waanzilishi wa viwanda vidogo walitoka katika kundi hilo la wapikaji wa nyumbani. Kiwanda cha New Albion, kilichoanzishwa Sonoma, California, mwaka 1976 na Jack McAuliffe, huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo kujengwa tangu mwanzo katika zama hizo. Kilifungwa mwaka 1982, mwaka uleule tamasha lilipoanza. Kupata mkopo, chupa na muuzaji wa jumla kwa kiwanda kidogo kulikuwa kugumu, na wanunuzi hawakuzoea bia yenye uchungu au rangi nyeusi.

Kuanzishwa

Charlie Papazian alisomea uhandisi wa nyuklia katika Chuo Kikuu cha Virginia, kisha akahamia Boulder, Colorado, akawa mwalimu wa shule. Huko aliwafundisha watu kupika bia majumbani hata kabla sheria haijabadilishwa. Mwaka 1978 yeye na Charlie Matzen walianzisha American Homebrewers Association, chama cha wapikaji wa nyumbani.

Mwaka 1981 Papazian alihudhuria Great British Beer Festival nchini Uingereza, tamasha lililoandaliwa na chama cha wanywaji kinachotetea bia za asili za mapipani. Huko alimweleza Michael Jackson wazo la kufanya tamasha kama hilo Marekani. Huyu si mwanamuziki, bali ni mwandishi Mwingereza (1942–2007) ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu bia za dunia kilisomwa sana na wapikaji wa Marekani. Inasimuliwa kwamba Jackson alilipenda wazo hilo, ila akauliza watawapa wageni bia gani. Swali hilo lilionekana kama mzaha, lakini kwa hali ya wakati ule lilikuwa la haki kabisa.

Tamasha la kwanza lilifanyika Juni 1982 katika hoteli moja mjini Boulder. Lilikusanya viwanda zaidi ya 20, bia 40 hivi na wageni wapatao 800. Mwaka 1984 lilihamia Denver, jiji kuu la jimbo, umbali wa kilomita 45 hivi. Kwa miaka mingi sasa limekuwa likifanyika katika Colorado Convention Center, jengo la mikutano lililo katikati ya jiji.

Mwaka 2005 chama cha Papazian kiliungana na chama kingine cha wenye viwanda vidogo, ikazaliwa Brewers Association. Papazian alistaafu Januari 2019.

Kura ya wageni na mwisho wake

Katika miaka ya mwanzo bia bora ilichaguliwa na wageni wenyewe kwa kura. Utaratibu huo ulionekana wa kidemokrasia, na ulifaa wakati bia zote za ukumbini zingeweza kuonjwa na mtu mmoja kwa siku moja. Haukudumu.

Mwaka 1985 kura ilishindwa na Samuel Adams Boston Lager, bia ya Jim Koch iliyokuwa na wiki chache tu sokoni. Ilishinda tena mwaka 1986 na 1987. Kampuni yake, Boston Beer, ilitumia ushindi huo katika matangazo kwamba bia yao ndiyo bora kuliko zote Marekani. Washindani walilalamika. Walisema kura ya ukumbini inapima ukubwa wa meza, wingi wa zawadi ndogondogo na uchangamfu wa wanaomimina, wala haipimi bia. Kampuni nayo ilijibu kwamba watu wameonja na wamechagua.

Hata bila ugomvi huo, kura ya wageni ilikuwa na udhaifu ambao mtu yeyote aliyewahi kukaa katika klabu ya pombe anaujua: anayepiga kura saa ya nne ya kunywa si yule aliyeingia mlangoni. Ulimi uliochoka husikia zaidi vitu vikali na vitamu. Bia laini iliyotengenezwa kwa ustadi hupotea katikati ya bia nzito. Tena bia inayoonjwa na watu wengi zaidi hupata kura nyingi zaidi, kwa hiyo kiwanda chenye akiba kubwa kina faida dhidi ya kile kilicholeta mapipa mawili.

Mwaka 1987 ilianzishwa tathmini ya majaji wanaoonja bila kujua bia ni ya nani. Kwa muda mfupi njia zote mbili zilikwenda pamoja, kisha kura ikaachwa. Tangu hapo mgeni wa ukumbini hana sauti katika utoaji wa medali.

Namna ya kuonja ukumbini

Mgeni hununua tiketi ya kipindi kimoja, si ya siku zote tatu. Kipindi huwa cha saa nne hivi, jioni au mchana wa Jumamosi. Mlangoni huonyesha kitambulisho, kwani sheria ya Marekani inakataza kileo kwa aliye chini ya miaka 21, na mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na pasipoti. Baada ya hapo hupewa kikombe kidogo cha kuonjea, na bei ya tiketi inagharamia bia yote atakayoonja.

Kipimo ni wakia moja kwa kila bia, yaani mililita 30 hivi, kiasi cha vijiko viwili vya mezani. Anayekizoea kipimo cha baa hukiona kama dhihaka, hadi atakapofanya hesabu. Bia 50 kwa kipimo hicho ni lita moja na nusu, na nyingi kati yake zina kilevi cha asilimia 7, 8 au zaidi. Utopias ya Boston Beer, ambayo huwa na foleni ndefu, hukaribia asilimia 28, ukali ambao hauko mbali na ule wa pombe za kukoleza. Denver nayo iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake kavu humkausha mtu mwili haraka asipokunywa maji. Ndiyo maana maji hupatikana kila pembe ya ukumbi, pamoja na ndoo za kumwaga bia isiyompendeza mtu. Kumwaga si utovu wa adabu.

Wazoefu hufuata mpangilio fulani. Huanza na bia nyepesi, kama laga na bia za ngano, kisha zenye uchungu wa hopsi, na mwisho nyeusi, chachu na zile zilizolazwa katika mapipa ya wiski. Anayeanza na stauti ya asilimia 12 hataisikia tena laga siku hiyo. Kikombe husuuzwa kwa maji kila baada ya bia kadhaa. Bia hunuswa kwanza kabla ya kuonjwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ni harufu.

Bia humiminwa zaidi na watu wa kujitolea, ambao hufika elfu kadhaa. Kwa miaka mingi meza zilipangwa kwa kanda za nchi, hivyo mgeni aliweza kutembea kutoka viwanda vya pwani ya Pasifiki hadi vya kusini kwa hatua chache. Mwishoni mwa muongo wa 2010 ukumbi ulikuwa na viwanda 800 hivi, bia zaidi ya 4,000 na wageni takriban 60,000 kwa vipindi vyote. Hakuna aliyeweza kuonja hata sehemu moja ya kumi ya bia hizo, kwa hiyo wageni wengi huja na orodha waliyoiandaa nyumbani.

Desturi mbili hujulikana sana. Moja ni mikufu ya vitafunio: wageni hutunga kwenye uzi vibiskuti vigumu vya chumvi vyenye umbo la fundo, pengine na vipande vya jibini au nyama kavu, wakavivaa shingoni na kutafuna kati ya bia na bia. Licha ya kuchekesha, husaidia tumbo na kusafisha ulimi. Ya pili ni kelele. Mtu akiangusha kikombe chake, walio karibu hupiga ukelele, wa mbali hupokea, na sauti husambaa ukumbi mzima.

Pembeni kuna matukio yenye tiketi ya ziada. Lijulikanalo zaidi ni la kuoanisha bia na chakula, ambapo wapishi wa mikahawa hupika sahani ndogo na kila moja huletwa na bia iliyochaguliwa kwa ajili yake. Wazo ni kwamba bia inaweza kukata mafuta ya nyama au kubeba utamu wa chokoleti vizuri kama mvinyo. Kwa mtu anayetaka kujifunza, saa moja hapo ina manufaa kuliko saa tatu za foleni. Katika juma hilo baa na mikahawa ya jiji nayo hufanya maonjo yake, na wapo wanaokuja Denver bila tiketi ya tamasha kwa ajili ya hayo tu. Jiji limezoeana na biashara hiyo: John Hickenlooper, mmoja wa waanzilishi wa baa na kiwanda cha Wynkoop mwaka 1988, baadaye alikuwa meya wa Denver, gavana wa Colorado na seneta.

Mashindano

Bia za mashindano hutumwa Denver mapema na kuhifadhiwa kwenye baridi. Kila moja huingizwa katika kundi la aina yake, na kila aina ina maelezo ya maandishi: rangi, kiwango cha uchungu, kilevi, harufu inayotakiwa na isiyotakiwa. Majaji, ambao ni wapika bia, wataalamu wa maabara, waandishi na wengineo kutoka Marekani na nje, hukaa katika vikundi vidogo na kuletewa bia katika vikombe vyenye namba tu. Jaji hapewi kundi ambalo bia yake mwenyewe imo. Bia chache husogezwa mbele katika kila raundi hadi meza ya mwisho, ambapo hutolewa dhahabu, fedha na shaba. Majaji wanaruhusiwa kuacha medali bila mshindi kama hakuna bia iliyostahili, na wamewahi kufanya hivyo. Maoni yao hurudishwa kwa wapikaji, na kwa kiwanda kichanga maoni hayo huweza kuwa na thamani sawa na medali.

Wanachotafuta kwanza ni makosa. Harufu ya siagi huonyesha kwamba hamira haikumaliza kazi yake au kwamba mirija ni michafu. Harufu ya mahindi ya kuchemsha hutokana na kimea kisichochemshwa vya kutosha. Ladha ya boksi lililolowa ni dalili ya bia iliyoingiwa na hewa au iliyozeeka. Harufu ya kicheche hutokea mwanga unapogusa bia yenye hopsi, hasa ikiwa katika chupa nyeupe au ya kijani. Baada ya makosa, huulizwa kama bia inafanana na aina iliyotajwa. Uchachu unaoiua stauti ndio unaotakiwa katika bia ya ngano ya mtindo wa Berlin.

Mwaka 2019 ziliingizwa bia 9,497 kutoka viwanda 2,295, zikatolewa medali 318. Wingi wa maombi umefanya idadi ya bia kwa kila kiwanda iwekewe kikomo. Makundi pia hufuata soko: mwaka 2018 lilianzishwa kundi la IPA zenye ukungu na ladha ya matunda, na mwaka huohuo lilipata bia 391, kuliko kundi lingine lolote. Tangu 2006 kuna pia shindano ambamo kiwanda hupika kwa wingi bia iliyobuniwa na mpikaji wa nyumbani, na wawili hao hushindana pamoja.

Washindi hutangazwa kwenye hafla ya hadhara. Mwenye kiwanda cha watu wanne katika mji mdogo anaweza kupanda jukwaani dakika chache baada ya wawakilishi wa kampuni kubwa kabisa, kwa kuwa kampuni hizo nazo hushindana na hupata medali, hasa katika makundi ya laga nyepesi. Medali moja huweza kufungua milango ya maduka na wasambazaji iliyokuwa imefungwa.

Ukosoaji

Lawama ya zamani zaidi ni kwamba mashindano yanazawadia utii wa maelezo kuliko ubunifu. Bia tamu sana isiyolingana na kundi lolote hukosa medali. Wanaotetea utaratibu husema bila maelezo majaji wangekuwa wanabishana kuhusu mapendeleo yao, na kwamba makundi ya majaribio yapo kwa ajili ya bia zisizo na kwao.

Lawama ya pili inahusu ukumbi. Kwa kuwa wanaomimina ni watu wa kujitolea, mgeni aliyetaka kuuliza swali mara nyingi hakupata wa kumjibu. Waandaaji walitenga sehemu ambamo wapikaji wenyewe husimama mezani, jambo lililosaidia kiasi. Wapo pia wanaosema kwamba tiketi ya kunywa bila kikomo inageuza maonjo kuwa ulevi, hasa saa ya mwisho ya kipindi. Kipimo kidogo, maji na tiketi maalumu kwa dereva asiyekunywa vimepunguza tatizo bila kulimaliza.

Tangu 2020

Kabla ya janga la UVIKO-19 tiketi zilikuwa adimu. Mwaka 2014 zilikwisha kwa muda wa nusu saa hivi tangu zilipoanza kuuzwa kwa umma. Mwaka 2020 na 2021 tamasha la ukumbini halikufanyika, lakini mashindano yaliendelea. Ilionekana wazi kwamba sehemu hiyo ya pili inaweza kusimama peke yake. Tamasha lilirudi mwaka 2022 likiwa na wageni takriban 40,000.

Tatizo la sasa ni kinyume cha lile la mwaka 1982. Wakati ule ilibidi bia zitafutwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Marekani ilikuwa na viwanda zaidi ya 9,000, na mkazi wa mji wa kawaida anaweza kuonja bia kumi tofauti bila kupanda ndege kwenda Denver. Wakati huohuo mauzo yamepungua na gharama zimepanda. Anchor ya San Francisco, iliyookolewa na Fritz Maytag mwaka 1965 na kuwa mfano kwa wote waliofuata, ilitangaza kufungwa Julai 2023. Kwa mujibu wa Brewers Association, mwaka 2024 vilifunguliwa viwanda vidogo 430 na kufungwa 529. Mwaka huo tamasha lilipanga upya ukumbi wake katika maeneo yenye mandhari tofauti na kupanua mashindano kwa kuingiza vileo vya matofaa, ili kuwavuta wageni vijana ambao hawaji tena kwa ajili ya bia peke yake.